Mwombaji si Ombaomba



Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho wanafunzi wangu hukijua tangu wiki ya kwanza, lakini huwachukua miaka kukielewa. Kitenzi hicho ni kuomba. Muumini humwomba Mungu, mtoto humwomba mama yake maji, maskini huomba sadaka kando ya barabara, na raia huomba pasipoti. Neno ni lile lile. Kinachobadilika ni msimamo wa yule anayelitamka. Lugha yenyewe imeliona jambo hili, ndiyo maana imetupa nomino mbili kutokana na kitenzi hicho kimoja. Anayepeleka haja yake mahali panapohusika ni mwombaji. Anayeishi kwa kunyoosha mkono ni ombaomba. Ukizichanganya nomino hizi katika insha, utapoteza alama moja. Ukizichanganya mbele ya dirisha la ofisi ya serikali, unaweza kupoteza mengi zaidi.

Leo nataka tuzungumze juu ya kuomba pasipoti, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia hati ya kusafiria, na hasa juu ya kuiomba ukiwa mkazi wa kijijini. Nitakueleza niliyoyashuhudia, kisha nitakupa ushauri ambao ninawapa wanafunzi wangu kila mwaka wanapofika kidato cha sita.

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Kisoro, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda. Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama kwenye uwanja wetu wa mpira, utaiona milima mitatu ya volkano: Muhabura, Mgahinga na Sabinyo. Juu ya Sabinyo ndipo mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo inapokutana. Barabara moja ya wilaya yetu inaishia mpakani Cyanika, ukivuka uko Rwanda. Nyingine inaishia Bunagana, ukivuka uko Kongo. Lugha yetu ya nyumbani, Kifumbira, inasikilizana na Kinyarwanda bila shida. Mipaka hii haikuchorwa na babu zetu. Ilikubaliwa mwaka 1910 na Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, na tangu hapo familia nyingi zina shangazi upande huu na mjomba upande ule.

Kwa sababu hiyo utadhani kwamba sisi ndio watu wenye pasipoti nyingi kuliko wote. Sivyo. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kutumia vitambulisho vyao vya taifa, kwa hiyo mtu wa kwetu huenda arusini Rwanda na kurudi bila kuihitaji hati nyingine. Pasipoti imebaki, katika mawazo ya wengi, kuwa kitu cha watu wa Kampala, cha wabunge na cha wafanyabiashara wakubwa. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kama ni kweli kwamba hutolewa kwa watu waliosoma tu.

Si kweli. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 29, inaeleza kwamba kila raia wa Uganda ana haki ya kwenda na kuishi popote nchini, haki ya kutoka nchini na kurudi, na haki ya kupata pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Tazama neno lililotumika: haki. Halikutumika neno zawadi wala neno hisani. Na Katiba haikusema kwamba haki hiyo ni ya mjini, au ya mwenye shahada, au ya mwenye jamaa wizarani.

Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 10, inasema kwamba mtu aliyezaliwa Uganda, ambaye mzazi wake au babu au bibi yake ni wa mojawapo ya jamii za wenyeji zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, ni raia kwa kuzaliwa. Majina ya jamii hizo yameorodheshwa katika Jedwali la Tatu, na Wafumbira wamo. Ninapofundisha somo hili, huwa ninawaambia wanafunzi walitafute jina lao katika orodha hiyo kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina lake katika matokeo ya mtihani. Wengi hutabasamu wanapolipata.

Lakini kuwa raia ni jambo moja, na kuonyesha kwamba u raia ni jambo lingine. Uraia huzaliwa nao. Ushahidi wake huna budi kuutafuta. Hapo ndipo safari ya mkazi wa kijijini inapoanza, na huanza mbali sana na ofisi ya pasipoti.

Mwaka 2023 binti mmoja niliyemfundisha alipata barua ya kukubaliwa na chuo kimoja nchini Tanzania. Alitaka kusomea ualimu wa Kiswahili. Barua ilifika mwezi wa Juni, na masomo yangeanza Oktoba. Tanzania haikuwamo katika ule mpango wa vitambulisho wa nchi tatu, na chuo kilimtaka afike na pasipoti ili apate kibali cha ukaazi cha mwanafunzi. Baba yake ni mkulima wa viazi na maharagwe. Katika ukoo wao mzima hapakuwa na mtu aliyewahi kushika pasipoti mkononi.

Siku hizi maombi huanzia kwenye intaneti. Mwombaji hujaza fomu, huingiza namba yake ya utambulisho wa taifa, ambayo ina herufi na tarakimu 14, kisha hupewa namba ya malipo. Akishalipa benki au kwa simu, huchagua siku ya miadi. Siku hiyo hufika ofisini na kitambulisho chake halisi, hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole na kuhojiwa. Utaratibu huu ni mzuri, na umepunguza foleni ambazo kaka zetu walizijua. Kwa mtu wa kijijini, hata hivyo, neno intaneti lina maana ya kupanda boda boda hadi mjini, kukaa katika duka la kompyuta na kumlipa kijana anayejaza fomu kwa niaba yako.

Kijana huyo alipoingiza namba ya binti, jina lililotokea lilikuwa pungufu kwa herufi moja. Jina lake la nyumbani huanza na Nyira-, kama majina mengi ya wanawake wa Kifumbira. Cheti chake cha mtihani kiliandikwa hivyo, na barua ya chuo ilifuata cheti. Kitambulisho kiliandikwa Nira-. Mwaka 2017, wakati wanafunzi walipokuwa wakiandikishwa mashuleni, mwandikishaji mmoja aliyekuja na lugha nyingine masikioni aliandika kile alichokisikia.

Wewe unayejifunza Kiswahili unajua kwamba ny ni sauti moja, si n inayofuatwa na y. Ndiyo inayotenganisha panya na pana. Hata hivyo, sauti hiyo huandikwa kwa herufi mbili, na mwandishi aliyechoka anaweza kuiacha moja. Pasipoti ingefuata kitambulisho, chuo kingefuata cheti, na kati ya hati hizo mbili binti angekuwa watu wawili.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu mtoto hapokei jina la baba yake kama ilivyo desturi kwingineko. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lenye habari ya siku aliyozaliwa, shukrani ya wazazi au huzuni iliyokuwamo nyumbani. Hivyo baba, mama na watoto watano wa nyumba moja wanaweza kuwa na majina saba yasiyofanana hata kidogo. Kijijini hakuna anayeshangaa, kwa kuwa kila mtu anajua nani kazaliwa na nani. Ofisini kila jina huzua swali: huyu anahusianaje na huyu?

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilizoea kuifundisha methali hii katika mada ya biashara. Mwaka ule nilianza kuifundisha katika mada ya uraia.

Ili kurekebisha jina katika rejista, binti alihitaji hati ya kiapo, vyeti vya shule, kadi ya ubatizo na barua ya mwenyekiti wa kijiji, yule tunayemwita LC wa kwanza. Bahati ni kwamba mama yake aliihifadhi kadi ya ubatizo ndani ya Biblia kwa miaka 19. Ilikuwa imekunjwa mara nne na wino umefifia, lakini Nyira- ilisomeka. Baba alishuka mjini mara nne kati ya Julai na mwisho wa Agosti. Mara moja umeme ulikuwa umekatika. Mara nyingine mtu wa kutia saini alikuwa mkutanoni. Kila mara alirudi nyumbani jioni akiwa na karatasi moja zaidi.

Katikati ya Agosti, subira ilipokuwa imewaishia, alitokea kijana nadhifu mwenye simu mbili. Tanzania utasikia mtu wa namna hii akiitwa kishoka. Wengine humwita dalali. Alitaka shilingi 800,000, akaahidi pasipoti ndani ya wiki mbili. Hakuhitaji kadi ya ubatizo wala barua ya mwenyekiti. Alihitaji jambo moja tu: binti akubali kuandikwa kwamba alizaliwa katika wilaya nyingine, mbali na mpaka, na kwamba wazazi wake ni mume na mke fulani ambao karatasi zao, kama alivyosema, hazina maswali.

Nilikuwapo siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeitwa kuisoma fomu ya kiapo. Ninakiri kwamba maneno ya kijana yule yalikuwa matamu. Muda ulikuwa unakwisha. Lakini fikiria alichokuwa akikiuza. Hakuwa akiuza pasipoti. Alikuwa akinunua kilima alichozaliwa binti, jina la baba yake na kaburi la babu yake, na kumtaka alipe kwa ununuzi huo. Tena, kutoa maelezo ya uongo ili upate pasipoti ni kosa la jinai, na kosa hilo hubebwa pia na mwenye picha ndani ya kitabu. Kila mahali ambapo angeonyesha hati ile, kwa miaka yote 10 ya uhai wake, angekuwa anarudia uongo ule ule.

Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa Kifumbira maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mtoto wangu sikumwokota." Kijana akacheka, akasema tutamtafuta wenyewe. Hatukumtafuta.

Jina liliporekebishwa, ada ikalipwa, na miadi ikapatikana mwanzoni mwa Septemba. Serikali imefungua ofisi za kanda nje ya Kampala, na hilo ni jema, kwa sababu zamani kila mtu alilazimika kwenda mji mkuu. Hata hivyo, mji wenye ofisi ya kanda yetu uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kisoro. Shule ilikuwa imefungwa, nikafuatana nao. Tuliondoka saa kumi alfajiri kwa basi, tukapanda milima ya Kanaba tukiwa bado gizani, tukafika mchana, tukalala huko, na kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni.

Afisa aliyemhoji binti alikuwa mtu mpole. Nalisema hili kwa sababu hadithi za ofisi huwa na maafisa wakali, na huyu hakuwa mmoja wao. Alimwuliza kwa Kiingereza, naye akamjibu vizuri. Alipofikia habari za babu, alimgeukia baba. Baba hajui Kiingereza. Afisa, ambaye hakuwa mtu wa kanda yetu, hakujua Kifumbira. Wakatazamana. Kisha afisa akauliza, "Mzee, unasikia Kiswahili?"

"Nasikia, afande," baba akajibu, ingawa mbele yake hapakuwa na sare yoyote. Kiswahili chake alikipata katika soko la Bunagana, akiuza viazi kwa Wakongo. Hakina upatanisho wa ngeli ambao mimi na wewe tunautafuta, lakini siku ile kilitosha. Alikitaja kilima alichozaliwa baba yake. Aliutaja ukoo, akawataja majirani wa juu na wa chini, akaeleza nani kazikwa chini ya mti gani.

Hapa naomba usimame kidogo nami. Nchini mwetu Kiswahili kilijulikana kwa miaka mingi kuwa lugha ya kambi za jeshi. Wazazi wengi hukumbuka miaka ya 1970, wakakumbuka amri zilizotolewa kwa lugha hii usiku, nao huniuliza kwa nini ninawafundisha watoto wao. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Karatasi ile haikuwa imenigusa sana. Lakini nilipomsikia mkulima na afisa wa serikali wakiulizana na kujibizana katika Kiswahili, kila mmoja akiwa mbali na lugha ya mama yake na hakuna aliyemzidi mwenzake, nilijua nitakachowajibu wazazi hao.

Afisa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba maneno hayaingii katika faili. Wilaya yetu iko mpakani, na mwaka mmoja kabla, Juni 2022, mapigano ya upande wa Kongo yalikuwa yameufikia mji wa Bunagana na kuwasukuma maelfu ya wakimbizi kuingia kwetu. Maafisa walitakiwa kuwa waangalifu. Akataka barua ya mwenyekiti iliyothibitishwa pia ngazi za juu yake, pamoja na hati yoyote ya zamani ya babu.

Hati ya zamani ya babu! Wapo watakaosikia sharti hilo na kukata tamaa papo hapo. Tuliporudi, ni bibi aliyetuokoa. Chini ya kitanda chake alikuwa na kopo la bati, na ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa za marehemu mumewe. Kodi hiyo ilikuwa ikilipwa kila mwaka hadi ilipoondolewa mwaka 2005, na wanaume wa zamani walitembea na stakabadhi yake mfukoni kama tunavyotembea na kitambulisho leo. Kwa miaka mingi bibi aliambiwa achome takataka zile. Alikataa, akisema mumewe alizitolea jasho.

Binti alirudi peke yake mwishoni mwa Septemba, akiwa na barua na kopo. Maombi yakapokelewa.

Sasa tufanye hesabu, maana mwalimu wa lugha naye anaruhusiwa kuhesabu. Ada ya pasipoti ya kawaida ilikuwa shilingi 250,000. Hiyo ni sawa kwa wote, wa mjini na wa kijijini. Safari ya kwanza, ya baba na binti, pamoja na nauli, malazi na chakula, iliwagharimu shilingi 210,000. Safari ya pili ya binti ilikuwa 100,000. Safari ya tatu, ya kwenda kuchukua pasipoti na kurudi siku hiyo hiyo, ilikuwa 80,000. Kiapo, nakala na safari za boda boda zilikula 60,000. Jumla ya gharama zisizoandikwa katika orodha yoyote ya ada ni shilingi 450,000. Ukijumlisha na ada yenyewe utapata 700,000. Viazi vya msimu mzima vilikwenda humo.

Kwa hiyo, anayezaliwa karibu na ofisi huilipia haki yake mara moja, na anayezaliwa mbali huilipia karibu mara tatu. Hapa ndipo dalali anapopata riziki yake. Yeye huuza umbali. Kama ofisi ya wilaya ingeweza kupiga picha na kuchukua alama za vidole, au kama maafisa wangezunguka vijijini mara chache kwa mwaka kama walivyozunguka mashuleni, biashara yake ingekufa bila kukamatwa mtu. Simlaumu afisa kwa kuuliza maswali. Pasipoti ikitolewa ovyo, itadharauliwa kila mpaka, na mwenye haki ataumia pamoja na mdanganyifu. Ninachodai ni kwamba swali la serikali lisigharimu zaidi kwa sababu tu aliyeulizwa anaishi mlimani. Dai hili nimelisema katika kikao cha wazazi, na nimewataka wanafunzi wangu walipeleke kwa mbunge kila anapokuja kutuomba kura. Naye, kama unavyoona, ni mwombaji.

Pasipoti ilitoka mwezi wa Novemba. Ina jalada la buluu, na juu yake limo jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na la Jamhuri ya Uganda. Ndani yake limeandikwa Nyira-, kwa herufi zake zote. Lakini chuo kilikuwa kimeshafunga usajili mwezi mmoja kabla, kikaihamishia nafasi yake mwaka uliofuata. Herufi moja ilikuwa imekula mwaka mzima wa ujana wake. Mwaka huo alilima viazi na baba yake, na Jumamosi alinisaidia kusahihisha madaftari ya kidato cha kwanza. Oktoba 2024 alipanda basi, akavuka mpaka wa Mutukula, akaingia Tanzania. Katika ujumbe wake wa kwanza aliniandikia kwamba afisa wa mpakani aliitazama pasipoti, akaigonga muhuri, akasema "Karibu," na hakuuliza lingine lolote.

Basi, msomaji wangu, uwe unaishi Kisoro au popote pengine, yachukue haya.

Kwanza, ziweke hati zako zote juu ya meza moja: kadi ya ubatizo au cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho. Usome jina lako herufi kwa herufi, kama unavyosahihisha imla. Tazama pia mpangilio wa majina na tarehe ya kuzaliwa. Ukikuta tofauti, irekebishe sasa, wakati hakuna barua ya chuo inayokusubiri. Marekebisho yanayofanywa bila haraka hayamhitaji dalali. Yanayofanywa kwa haraka humwita dalali.

Pili, usimpe mtu fedha mkononi. Namba ya malipo huelekeza fedha serikalini, na stakabadhi yake ni shahidi wako. Itunze. Umeona jinsi stakabadhi za babu zilivyomfungulia mjukuu njia.

Tatu, kaa na wazee. Waulize majina ya babu na bibi za pande zote mbili, vilima walivyozaliwa na mahali walipozikwa, kisha uyaandike. Siku mzee anapoondoka, rejista nzima huondoka naye.

Nne, jifunze kusema. Nimewasikia watu wazima wakiingia ofisini na kuanza hivi: "Mkubwa, nihurumie, mimi ni mtu wa kijijini." Huo ni ufunguzi wa ombaomba. Wewe salimu kwa heshima, kisha useme: "Nimekuja kuwasilisha maombi yangu ya pasipoti." Ukiambiwa kuna kasoro, usibishane wala usinung'unike. Uliza: "Ni hati gani inayokosekana? Tafadhali niandikie, ili nikirudi nisikose tena." Sentensi hizo hazina jeuri hata kidogo. Zina adabu, na zina uti wa mgongo. Zikariri kama unavyokariri methali.

Na jioni ya leo, kabla hujafungua kitabu chako cha sarufi, mwambie mama au bibi akuonyeshe mahali anapoweka karatasi zako. Zisome naye. Kama kuna herufi iliyopotea, mwandikie kwenye karatasi safi jina lako kamili kama alivyokuita siku ulipozaliwa, na Jumatatu asubuhi uende nalo kwenye ofisi ya usajili.